Kakamega: Utajiri wa Msitu Uko Miguuni

Mgeni anayeingia Msitu wa Kakamega kwa mara ya kwanza huinua shingo. Huwatazama mbega wakirukaruka na kustaajabia miti iliyofungana vilele hata jua la adhuhuri likawa kama la magharibi. Lakini, msomaji, utajiri mwingi wa msitu huu uko miguuni pako.

Haya ni masalio ya msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, yaliyobaki upande wetu wa Afrika Mashariki. Msitu ulitangazwa rasmi kuwa wa kuhifadhiwa mwaka wa 1933. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye misumeno ililia humo na miti ya mbao ngumu ikaangushwa.

Mti mmoja ukianguka, hasara si kubwa. Mwanga hupenya na miche iliyodumaa kivulini hupata nafasi ya kurefuka. Balaa huja miti mingi inapokatwa pamoja na magogo kuburutwa. Udongo hushindiliwa, miche huvunjika, na kangaga waliozoea unyevu huungua kwa jua. Vichaka vya miiba na mimea itambaayo hutawala, huku mipera ikivamia kingoni. Mpita njia huona kijani kibichi akadhani msitu umepona. Kumbe wingi wa majani si wingi wa aina za mimea!

Chukua mfano wa mukombero, ambao mizizi yake hutafunwa na kuuzwa hadi Nairobi. Mmea huu hutambaa juu ya miti. Ukikata miti, umeuondolea ngazi. Ukiung'oa mzizi, umeumaliza kabisa.

Je, kupanda miti upya kunatosha? Inategemea. Chini ya misonobari iliyosongamana, ardhi hufunikwa na majani makavu na machache huota. Palipopandwa miti ya kienyeji kama mutere, karibu na msitu wa asili, ndege na kima huleta mbegu nyingine, na polepole mimea ya chini hurejea.

Likizo ijayo, wapeleke watoto Isecheno au Buyangu. Wapimie hatua tatu kwa tatu ndani ya msitu mkongwe, kisha nyingine katika shamba la misonobari. Wahesabu aina za majani bila kung'oa hata moja. Hesabu hiyo itawafunza mengi kuliko hotuba.