Enzi ya Mungu na Mlima wa Hanang

Sisi waalimu tumezoea kuandika humu habari za masomo yaliyofanikiwa. Leo naomba nafasi niandike habari ya somo lililonishinda, maana naona huenda likawafaa wazazi na waalimu wenzangu kuliko yale yaliyofanikiwa. Nalo ni somo lile tunalowapa watoto kwanza kabla ya mengine yote, ya kuwa Mungu ndiye mwenye enzi juu ya mbingu na nchi na vyote vilivyomo.

Mimi ni mtu wa upande wa Mbulu, nalikuja Hanang kwa kazi ya kufundisha. Siku za juma nafundisha hesabu, na Jumapili kabla ya ibada nawafundisha watoto habari za dini. Watoto wangu ni mchanganyiko, Wairaqw na Wadatoga, na wengine ni Wanyaturu na Wanyiramba. Nyumba tunayokusanyika ina dirisha moja linaloelekea mlima wa Hanang. Mlima ule una kimo cha zaidi ya mita 3,400, nao umesimama peke yake juu ya nchi iliyo tambarare, hata mtu akikaa ndani haoni kitu kingine dirishani ila mlima.

Nataka kwanza niwakumbushe wasomaji jinsi wazee wetu walivyofikiri, kwa sababu jambo hili linahusu sana habari yangu. Wazee wa Kiiraqw walimwita Mungu Looa, na jina hilo ndilo jina la jua pia. Walimsema kama mama, mwema, mwenye kuwapa watu mvua na watoto na mifugo. Lakini mabaya hawakumwekea yeye. Mtoto akizama mtoni, au ugonjwa ukiingia nyumbani, walisema ni Netlangw, yule pepo akaaye katika chemchemi na vijito. Bibi yangu alikuwa Mkristo, hata hivyo alipotutuma kuteka maji jioni sauti yake ilipungua alipotaja chemchemi ile. Majirani zetu Wadatoga nao humwita Mungu Aseeta, na jina hilo pia ni la jua.

Basi Injili ilipokuja tulifundishwa kuwa Mungu ni mmoja, wala hakuna pepo mwenye milki katika maji yake. Neno hilo ni kweli, nalo liliwaondolea watu hofu kubwa. Lakini mimi sikuwa nimefikiri jambo moja. Tulipomwondoa Netlangw katika chemchemi, mzigo wote aliobebeshwa, yaani mafuriko na maradhi na vifo vya watoto, tuliuweka wapi? Tuliuweka mlangoni pa Mungu, tukaondoka bila kusema neno. Mtoto ndiye aliyeuona.

Jumapili ya tarehe 26 Novemba 2023 naliwasimulia watoto habari za Bwana Yesu alivyotuliza dhoruba ziwani. Nalitaka waone kwa macho yao jinsi enzi ya Mungu ilivyo kubwa. Nikanyosha mkono dirishani nikasema, “Mnauona mlima ule? Hakuna hata jiwe moja linaloshuka pale isipokuwa Mungu amelisukuma kwa mkono wake.” Watoto wakatulia kabisa. Nami nikafurahi moyoni, nikadhani kimya kile ni imani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe 3 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Adventi. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kawaida, na usiku ule ilinyesha kwa nguvu. Alfajiri sehemu ya mlima ilikatika, ikashuka pamoja na maji. Tope zito, lenye mawe makubwa na magogo ya miti, lilipita Gendabi na Jorodom, likaingia mji wa Katesh na kuzoa nyumba, maduka, magari na watu. Waliokufa walizidi 80, na wenye kujeruhiwa walikuwa wengi zaidi. Askari na raia walichimba tope siku nyingi wakitafuta ndugu zao. Kijiji chetu hakikuguswa, lakini hakuna nyumba iliyokosa jamaa upande ule.

Katika watoto wangu yumo mvulana wa miaka kumi. Dada yake mdogo alikuwa amekwenda kukaa kwa mama yao mdogo huko Katesh, naye hakurudi. Baada ya maziko mvulana yule alikuja kwangu nje ya kanisa, akasimama mbele yangu akauliza, “Mwalimu, Mungu alimsukumia mdogo wangu mawe kwa kosa gani?”

Ndugu wasomaji, maji yakimwagika hayazoleki, na neno la mwalimu likiisha kutoka kinywani halirudi. Nalimjibu upesi kwa maneno tusemayo sote matangani, “Kazi ya Mungu haina makosa, mwanangu.” Akanitazama, akautazama mlima, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, wala siku ya Noeli.

Siku zile kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema mlima umelipuka moto. Wengine walinong'ona kuwa mlima umekasirika. Nao Wakristo wengine walisema waziwazi kuwa watu wa Katesh wameadhibiwa kwa dhambi zao. Maneno haya si ya kwetu tu. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la nchi liliubomoa mji wa Lisbon katika nchi ya Ureno wakati watu wengi walipokuwa makanisani. Maelfu walikufa, na huko nako walitokea wahubiri waliosema kuwa ni hasira ya Mungu. Walakini Bwana wetu aliisha kulijibu neno hilo zamani. Alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao waliokuwa Yerusalemu. Nalikuwa nimelisoma fungu hilo mara nyingi, lakini sikuwa nimewasomea watoto hata mara moja.

Wataalamu wa miamba waliotumwa na serikali walieleza kuwa mlima haukulipuka. Sehemu yake yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hata ikawa nzito, ikashindwa kujishikilia, ikameguka. Nalifurahi kusikia maelezo hayo. Lakini naliona kuwa hayatoshi kumjibu mvulana yule, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia ni mkono wa nani uliosukuma.

Basi mwezi wa Januari nalikwenda nyumbani kwao. Nalimkuta bibi yake amekaa kibarazani akichambua maharage.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu ukae.”

Nikampa pole tena, nikamweleza kuwa nimekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Akanisikiliza hata mwisho. Kisha akasema, “Hebu nisimulie hadithi ile ya ziwa kama ulivyowasimulia watoto.” Nikamsimulia. Nilipofika pale Bwana alipousimamisha upepo, akaniinulia mkono.

“Aliukemea?”

“Ndiyo, bibi, aliukemea.”

“Mwalimu, ukimtuma mtoto kuteka maji, naye akarudi na ndoo imejaa, utamkemea?”

“La, bibi, nitamshukuru.”

“Basi na upepo ule, kama Mungu ndiye aliyeutuma uwapige, Mwanawe angeukemeaje?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuchambua maharage yake, kisha akasema tena, “Na mashua ile ilikuwa ikijaa maji, naye yumo ndani yake. Mimi nalishika hilo tu.”

Nalirudi nyumbani nikitembea polepole. Miaka kumi na minne nimefundisha somo lile, na bibi asiyejua kusoma ameliona lililonipita. Mimi nalifundisha enzi ya Mungu kama enzi ya jumbe mkali, ambaye kila fimbo ipigwayo katika nchi yake imetoka mkononi mwake. Lakini Maandiko hayasemi hivyo. Katika habari ya kuumbwa kwa ulimwengu Mungu anaiagiza nchi yenyewe itoe mimea, na maji yenyewe yajae viumbe. Amevipa vitu tabia na kazi yake. Maji ameyapa uzito, na udongo ameupa uwezo wa kunywa maji. Maji yale yale yashukayo kwa uzito wake ndiyo yanayonywesha mahindi yetu na mashamba ya ngano ya Basotu. Mungu ni Bwana wa mlima, wala hakuna mwingine. Lakini si haki yetu kulitwaa kila jiwe lililoanguka na kusema twajua lilitumwa kwa nani na kwa kosa gani.

Jumapili iliyofuata nalifanya jambo gumu kwa mwalimu. Nalisimama mbele ya watoto nikawaambia, “Neno nililowaambia dirishani mwezi wa Novemba halikuwa sawa. Nalisema nisilolijua. Nisameheni.” Kisha nikawatoa nje. Tukafanya vichuguu viwili vya udongo, kimoja tukakifunika nyasi pamoja na mizizi yake, kingine tukakiacha kitupu. Kila mtoto akamimina maji kwa kopo. Kile kitupu kilikunywa maji, kikavimba, mara kikateleza chote kwa pamoja. Kile chenye nyasi kilikaa muda mrefu zaidi, lakini tulipozidisha maji kikaanza kumeguka nacho. Nikawauliza, “Nani amekisukuma?” Wakajibu, “Hakuna, mwalimu, ni maji.” Nikawaambia, “Maji na udongo ni vya Mungu, naye ametupa akili tujue tabia zake, tujue mahali pa kujenga na mahali pa kuacha. Hiyo nayo ni kazi aliyompa Adamu, kuitunza nchi.”

Mvulana yule alikuwa amekuja siku ile. Bibi yake alimleta kwa mkono. Akauliza mbele ya wote, “Mwalimu, kama Bwana aliweza kuukemea upepo, mbona hakuukemea mlima?”

Nalikumbuka lile jibu langu la matangani. Likafika ulimini, nikalimeza. Nikamwambia, “Sijui, mwanangu. Hata mimi namwuliza Mungu neno hilo katika sala zangu. Najua tu kwamba hakumchukia mdogo wako, na kwamba alikuwamo pamoja naye.” Watoto wote walikuwa kimya, lakini kimya hiki hakikuwa kama kile cha kwanza. Mvulana akakaa kitako. Tangu siku ile hajakosa Jumapili hata moja, naye huuliza maswali kuliko wenzake wote.

Waalimu wenzangu, na ninyi wazazi, nawasihi mambo machache. Tusipunguze kuwafundisha watoto kuwa Mungu anatawala. Mtoto asiyejua hilo atarudi kuogopa chemchemi na miti, kama tulivyoogopa sisi. Lakini tusimfundishe mtoto kuwa kila msiba ni kiboko, maana siku msiba utakapoingia nyumbani mwake atamwona Mungu kuwa adui yake, naye hatakuwa na mtu wa kumkimbilia. Tusiogope maneno ya wataalamu wa miamba na wa mvua, kwa sababu wanatueleza tabia ya vitu alivyovifanya Mungu. Tena mtoto akiuliza neno tusilolijua, tuseme hatujui. Ayubu aliuliza sana, na mwishoni Mungu aliwakemea rafiki zake waliokuwa na majibu yote, wala si yeye aliyeuliza.

Wengi waliopoteza nyumba wamekwisha kujengewa nyumba mpya na serikali huko Waret. Kovu la tope bado linaonekana ubavuni mwa mlima, ingawa majani yameanza kuota. Dirisha letu sijalifunga kwa pazia, ingawa mzazi mmoja alinishauri hivyo. Watoto huutazama mlima tunapoimba, nami nautazama pamoja nao.

Nawasalimu nyote katika Bwana.

Ni mimi mwalimu wenu, Hanang.