Upepo wa Mbisho

Ukisema unatoka Mbezi, watu wa mjini hudhani unaishi karibu na bahari. Hiyo ni Mbezi Beach. Mbezi yetu ni ya Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, penye vumbi, bodaboda na, tangu mwaka 2021, kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli. Kwetu chombo cha safari ni basi. Sisi wawili tunaosimulia hapa, mchungaji wa usharika na mhazini wake, tulizaliwa bara, milimani, na hakuna kati yetu aliyewahi kushika usukani wa kitu kinachoelea.

Tulifika baharini kwa sababu ya ugomvi.

Mama mmoja mjane katika usharika wetu aliachiwa na marehemu mumewe ngalawa, pale Kunduchi. Ilikuwa imekaa mchangani muda mrefu, tanga limeoza, kamba zimelegea. Mwanawe mkubwa alitaka kuvua. Baada ya mnada wa sikukuu ya mavuno, mmoja wetu alisimama ibadani akatangaza kwamba sehemu ya fedha zile itatengeneza ngalawa. Baraza la wazee lilikuwa halijakaa. Mwingine wetu alikuwa ameandika kwa mkono wake, katika kitabu cha hesabu, kwamba mavuno ya mwaka ule ni ya paa la kanisa, ambalo linavuja upande wa kwaya. Washirika walileta kuku, mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi wakijua wanatoa kwa ajili ya paa. Jumatatu asubuhi barua ya kujiuzulu ilikuwa mezani ofisini.

Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoufanya ugomvi uwe mbaya. Mwenye kosa la wazi huonywa, yakaisha. Lakini mmoja alimtetea mjane, mwingine alitetea ahadi waliyopewa watoaji, na wote wawili tulikuwa na mistari ya Biblia ya kutosha. Washirika wakaanza kugawanyika. Kwaya, kwa sababu zinazoeleweka, ilikuwa upande wa mhazini.

Wazee wakaamua kwamba kabla ya kikao ngalawa ikaguliwe, gharama ijulikane. Tukaenda pamoja, wala si kwa upendo. Hakuna aliyekuwa tayari kuamini taarifa ya mwenzake. Tulipanda daladala ya njia ya Goba mpaka Tangi Bovu, kisha nyingine mpaka Mtongani, na njia nzima tulizungumza habari za nauli tu.

Kunduchi tulipokewa na mzee aliyewahi kuvua pamoja na marehemu. Alituita "wachungaji" sote wawili, nasi hatukumsahihisha. Alitazama makaratasi yetu ya makadirio, akacheka.

"Chombo hakikaguliwi mchangani," alisema.

Akaazima tanga la jirani, kijana wa mjane akakaza kamba, tukasukuma. Mzee akasema Bismillahi, sisi tukaomba kimya, kila mtu kwa upande wake.

Ngalawa ni gogo moja la mti, mara nyingi mwembe, lililochongwa ndani. Ni jembamba kiasi kwamba peke yake lingepinduka kwa pumzi tu. Kinacholishikilia ni mirengu miwili, zile mbao zinazoelea kulia na kushoto, zimefungwa kwenye miti inayokatiza chombo. Wasomi wanasema ujuzi huu una undugu na ule wa visiwa vya Indonesia na Madagaska. Siku hizi pwani hiyo hiyo utaona mashua nyeupe za starehe zenye miili miwili, lakini wazo ni lile lile: chombo chembamba kinasimama kwa sababu kinaegemea pande mbili. Nahodha yuko nyuma na usukani. Mwingine anashika demani, kamba inayolivuta tanga. Mmoja peke yake anaweza, ila kwa wanafunzi kama sisi ni wawili au hakuna safari.

Mbele yetu, mashariki, kilikuwa kisiwa cha Mbudya. Ilikuwa miezi ya kaskazi, na mchana ule upepo ulitoka kule kule tulikotaka kwenda. Hapo mzee alitamka neno ambalo tulikuwa tumelisoma maisha yetu yote. "Huu ni wa mbisho," alisema. "Tutabisha."

Mathayo, sura ya 14. Mmoja wetu alisoma theolojia Makumira, chini ya Mlima Meru, akajifunza hata neno la Kigiriki lililoko mahali pale. Lakini kubisha kwa chombo hakuwahi kukuona. Sisi wa bara tunajua kubisha hodi na kubisha maneno. Kumbe kuna kubisha kwa tatu: huwezi kuuendea upepo usoni, basi unakwenda upande, kisha unageuka, unakwenda upande wa pili, na kila mara unasogea kidogo.

Shida iko kwenye kugeuka. Tanga la pembe tatu linaning'inia kwenye foromali, na foromali iko upande mmoja wa mlingoti. Ili ije upande wa pili, mwenye usukani lazima kwanza auelekezee upepo mgongo. Mwenye demani analegeza, tanga linapepea mbele kama bendera, analizungusha mbele ya mlingoti, ndipo mnapanda tena. Wakati huo wote mnarudi nyuma. Maji mliyoyapata kwa jasho mnayaacha.

Jumamosi ya kwanza hatukukubali kuyaacha. Mwenye usukani aliiona Mbudya, akang'ang'ania. Mwenye demani alisubiri amri, na alipoona haiji akalegeza kwa uamuzi wake. Tanga likapiga vibaya, foromali ikagonga mlingoti, mrengu mmoja ukazama na maji yakaingia. Kijana aliruka akakalia upande wa pili. Tulichota maji kwa kopo la rangi, tumelowa, viatu vinaelea, na huku tunalaumiana.

"Wachungaji," mzee alisema, "anayebishwa hapa ni upepo."

Habari ile ya Mathayo tumeihubiri mara nyingi, tukikimbilia Petro anapotembea juu ya maji. Hatukuwahi kukaa na wale kumi na mmoja waliobaki chomboni. Bwana mwenyewe ndiye aliyewalazimisha kupanda. Alikuja kwao zamu ya nne ya usiku, yaani karibu na alfajiri, na Marko anasema walikuwa wakitaabika kwa makasia. Usiku kucha, watu kumi na wawili, mbao chache. Injili haisemi kama waligombana. Sisi tunawajua watu, tunadhani waligombana. Paulo na Barnaba waligombana kwa ajili ya Marko, wakaachana, Barnaba akatweka kwenda Kipro. Tulipokuwa tukirudi na daladala jioni ile, mmoja wetu aliitaja habari hiyo. Mwingine akajibu kwamba miaka ya baadaye Paulo alimwomba Timotheo amlete Marko. Hayo ndiyo maneno ya kwanza yasiyo ya nauli.

Tulirudi Jumamosi tatu zaidi. Ya nne tuligeuza mara saba bila kuzamisha mrengu, tukafika kwenye kivuli cha Mbudya, maji yametulia. Tulikula mihogo ya kuchemsha. Hapo mmoja wetu alisema, "Nilitangaza kabla ya kikao. Sikuwa na mamlaka hayo." Mwingine alikaa kimya, kisha akasema aliandika barua akiwa na hasira, ila kuhusu paa habadilishi neno. Tukabishana tena mpaka ufukweni.

Jumapili iliyofuata tangazo lilisahihishwa mbele ya usharika wote, na haikuwa rahisi kulisema. Barua iliondolewa mezani. Fedha za mavuno zilinunua mabati, hayakutosha. Ngalawa ilichangiwa kwa bahasha za pekee, na tanga likapatikana baada ya miezi.

Kijana alipovua mara ya kwanza alileta changu wawili wakubwa ibadani. Wakapigwa mnada nje, baada ya baraka. Mmoja wetu alianza na elfu tano. Mwingine akasema elfu saba. Watu wakanyamaza, wakidhani yameanza upya, mpaka tulipofika elfu ishirini na tano na kwaya ikaanza kupiga vigelegele. Mhazini alishinda. Alilipa taslimu, akajiandikia stakabadhi.