Kabati la Mama Mkwe

Mama mpendwa, kama umewahi kuishi katika nyumba ambayo mama mkwe wako aliishi kabla yako, basi huhitaji maelezo marefu. Nyumba yetu ipo Forest ya Zamani, mjini Mbeya, upande ambao ukifungua dirisha asubuhi unauona mlima Loleza ukiwa bado umejifunika ukungu. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, aliijenga mwaka 1976 kwa akiba aliyoiweka alipokuwa akifanya kazi katika ujenzi wa reli ya TAZARA. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye sakafu ya saruji nyekundu na madirisha ya mbao yenye vioo vidogo vidogo. Imara, lakini ya zamani.

Vitu vya ndani navyo vilikuwa vya umri huohuo. Kulikuwa na kiti cha uvivu cha baba mkwe, ambacho mimi sikuwahi kukikalia hata baada ya yeye kufariki, maana kwa mila za Kinyakyusa mkamwana hukaa mbali na baba mkwe wake, na mazoea hayo hayaishi kwa siku moja. Kulikuwa na sanduku la mbao, redio kubwa isiyosema tena, mabakuli na mabeseni ya enameli yenye maua mekundu, na chupa ya chai ya Kichina. Bila shaka akina mama wengi mliokulia kando ya reli hiyo mnavikumbuka vyombo hivyo. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China zilizoletwa madukani kwetu. Kwa hiyo beseni lile la maua, ambalo mama mkwe aliwaogeshea watoto wake watano, lilikuwa kwa namna fulani sehemu ya reli.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kabati la vyombo. Lilikuwa la mninga, refu kumpita mtu, lenye vioo vya kusukuma juu na milango miwili chini. Mama mkwe ni Mhehe wa Kalenga, na kabati hilo lilitengenezwa na fundi wa kwao Iringa aliyejifunza useremala misheni. Alikuja nalo Mbeya juu ya lori.

Sasa niwaambie nilichofanya.

Mwaka juzi mama mkwe alikwenda Iringa kumuuguza mdogo wake, akakaa miezi miwili. Mimi nikaona nimepata nafasi. Kwa muda mrefu nilikuwa naona haya wageni wanapokuja, hasa wenzangu wa kikundi ambao nyumba zao ni mpya. Nikamwuliza baba watoto, naye akajibu, “Fanya unavyoona.” Jibu hilo nililichukua kama ruhusa. Wanawake wenzangu mnajua kwamba si ruhusa. Nikaita mafundi. Sakafu nyekundu ikafunikwa kwa vigae vyeupe, dari likawekwa jipsamu yenye taa ndogo ndogo, kuta zikapakwa rangi ya maziwa. Nikanunua makochi ya kijivu na meza ya kioo. Mabeseni nikayagawa kwa majirani. Kabati nikamwuzia dalali wa samani kuukuu kwa shilingi 60,000, na nilifurahi kwamba alilibeba yeye mwenyewe.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni, akavua viatu ingawa hakuna aliyemwambia avue. Akasema, “Hongera mwanangu, panang’aa.” Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kikombe chake akiweke wapi.

Tangu siku hiyo hakukaa tena sebuleni. Alikaa kwenye benchi uani, karibu na jiko la mkaa. Ilikuwa mwezi wa Juni, na wanaoijua Mbeya wanajua baridi ya Juni haina adabu kwa wazee. Nilimsihi aingie ndani, akaniambia anaota jua. Jua gani, jamani? Baada ya wiki tatu akamwomba mwanawe amrudishe Kalenga. “Kule,” alisema, “najua vitu vilipo.”

Baba watoto hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Watoto ndio waliokuwa wakiuliza kila jioni bibi anarudi lini, na nyumba yangu nzuri ikawa kimya kama ofisi siku ya Jumapili.

Ndipo nilipoamua kumfuata mwenyewe. Nilipanda basi la alfajiri pale Nane Nane. Safari ya kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na mtu akiwa na jambo moyoni hizo huwa nyingi. Unapita Uyole, unateremka kwenye joto la Igurusi na Chimala ambako wanauza mchele wa Usangu kando ya barabara, unapita Igawa, halafu unapanda tena hadi Makambako, pale reli na barabara kuu zinapokutana. Baada ya hapo ni misitu ya misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, safu kwa safu, na malori yaliyobeba mbao. Niliziangalia mbao zile nikafikiria makochi yangu, maana mbao laini kama hizo ndizo zilizomo ndani ya kitambaa. Fundi aliniambia nisitarajie zaidi ya miaka michache. Mninga wa mama mkwe ulikuwa umemaliza miaka 50 bila kuguswa na mchwa.

Nilifika Ipogolo alasiri. Mji wa Iringa wenyewe uko juu kilimani, lakini mimi nilichukua usafiri kwenda Kalenga, umbali wa kilomita kama 15. Jina la Iringa, kama wenyeji watakavyokueleza, limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya ngome, na ngome yenyewe ni ile ya Mtwa Mkwawa iliyokuwa hapo Kalenga hadi Wajerumani walipoibomoa kwa mizinga mwaka 1894. Nilikuta wamekaa nje. “Kamwene,” nikasalimia, nikapiga goti. Mama mkwe akaitikia, akanivutia kigoda. Hakuuliza nimefuata nini.

Nilichokiona katika nyumba ile ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Kwa nje ni nyumba ya kawaida ya bati. Ndani, binti wa mamdogo, ambaye ni mwalimu, alikuwa ametengeneza sebule nisiyoitegemea. Makochi yalikuwa mapya, mapazia mapya, televisheni pana ya kisasa. Lakini televisheni hiyo ilikuwa imewekwa juu ya sanduku la zamani la mbao, lililopigwa msasa na kupakwa nta ya nyuki hadi likang’aa kama viatu vya shule. Ukutani hakukuwa na maua ya plastiki. Kulikuwa na vikapu saba vya Kihehe, vikubwa na vidogo, vilivyotundikwa kama mwezi na nyota zake. Pasi ya mkaa ilikuwa inazuia mlango. Mabeseni mawili ya enameli, yale yale ya maua mekundu, yalikuwa yamepandwa maua dirishani.

Nilipoyaona mabeseni nilishindwa kumeza chai.

Vikapu vya Iringa nadhani wengi wetu tunavijua kwa kuviona barabarani tu. Vinatengenezwa kwa milulu, aina ya matete membamba yanayoota mabondeni penye maji. Wanawake huyakata, huyakausha, kisha husuka kwa kukaza sana, kikapu kimoja kikichukua siku kadhaa. Zamani kilikuwa chombo cha kazi: cha kuwekea unga, cha kupakulia ugali, hata cha kuchujia pombe. Siku hizi vinasafirishwa hadi Ulaya na Marekani kupamba nyumba za watu, na sisi tunaotoka huku tunanunua makapu ya plastiki. Sisemi plastiki ni mbaya, ina kazi yake. Ila nilishangaa kwamba kitu nilichokionea haya ndicho wengine wanakilipia nauli ya ndege.

Kesho yake yule mwalimu alinitembeza mjini. Tulianza na Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililotumika miaka mingi kwa shughuli za serikali, ambalo mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni. Kuta zake ni nene kiasi cha kukaa mtoto dirishani. Humo wamepanga vitu vya nyumbani vya watu wa Nyanda za Juu Kusini: mitungi, vinu, nguo, zana. Kilichonivutia ni namna walivyovipa nafasi. Kitu kimoja, ukuta mweupe, mwanga wa kutosha. Mimi nyumbani nilikuwa navionea haya kwa sababu vilikuwa vimerundikana, kabati limejaa hadi sahani zilizopasuka, juu yake magazeti na mifuko. Kumbe labda nilichohitaji ni kupunguza na kufuta vumbi.

Kutoka hapo tulikwenda Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, ukiwa na vijana watatu viziwi. Sasa watu wengi wenye ulemavu wanapata riziki hapo. Wanafuma vitambaa, wanashona mito, wanatengeneza shanga za vioo vilivyotumika, hata karatasi ya kinyesi cha tembo. Usicheke, haina harufu. Katika mkahawa wao tulihudumiwa na mhudumu asiyesikia. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, naye anakuletea kwa tabasamu. Nilinunua foronya mbili za mito zenye rangi ya udongo mwekundu. Nilikuwa nikikumbuka sakafu niliyoifunika.

Jioni tulimchukua mama mkwe twende naye makumbusho ya Mkwawa, palepale Kalenga. Ni nyumba ndogo. Ndani kuna fuvu la Mtwa, lililopelekwa Ujerumani baada ya yeye kufa mwaka 1898, na kurudishwa mwaka 1954 na Gavana Twining. Mama mkwe alikuwa msichana mdogo siku hiyo. Anasema alibebwa mabegani na baba yake kwa sababu ya wingi wa watu, na kwamba wazee walikuwa wanalia wazi wazi. “Miaka 56,” alisema, “na walikuwa bado wanaliulizia.”

Hakuongeza neno, na sidhani kama alinikusudia mimi. Lakini mimi nilisikia la kwangu. Usiku huo nikamwomba radhi, tukiwa wawili jikoni. Nilimweleza la kabati, la mabeseni, na bei niliyouza. Aliposikia bei alicheka kidogo. “Ulipunjwa,” akasema. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: katika droo ya kabati, upande wa ndani, baba mkwe alikuwa ameandika kwa penseli tarehe za kuzaliwa watoto wote watano. Cha pili kutoka juu kilikuwa jina la mume wangu.

Niliporudi Mbeya nilimtafuta dalali siku nne. Hatimaye nililikuta kabati Mwanjelwa, kwa mama mmoja muuza maandazi. Alikuwa ameliweka barazani, maandazi yakiwa nyuma ya vioo, nayo ilikuwa kazi nzuri kweli, siwezi kusema vinginevyo. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika na juu kulikuwa na alama ya sufuria ya moto. Yule mama hakutaka kuuza. Nilipomweleza la maandishi ya penseli akafungua droo, akaangalia muda mrefu, akasema, “Haya, lakini ununue na jingine la kuwekea maandazi yangu.” Kwa jumla nilitumia shilingi 190,000. Nilizitoa katika akiba yangu mwenyewe, si ya nyumba.

Kwa wale watakaopenda kujaribu, kabati la mninga halihitaji rangi. Tulilitoa juani siku mbili, tukapulizia dawa kwenye vitundu vichache vya bungua, tukapiga msasa laini kufuata mistari ya mbao, kisha mafuta ya kitani kwa kitambaa safi, mara tatu, kila mara likikauka usiku kucha. Alama ya sufuria haikutoka. Mabeseni niliyafuata kwa majirani. Moja lilirudi, jingine lilikuwa limetoboka. Mitungi nilinunua mipya, ya Wakisi, iliyofinyangwa kwa mkono na wanawake wa Ikombe ambao huivusha kwa mitumbwi hadi gulio la Jumamosi pale Lyulilo, karibu na Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Mmoja uko kando ya makochi ya kijivu, nao unapendeza kuliko meza yangu ya kioo, ambayo mtoto wa mwisho alishaivunja.

Vigae nimeviacha. Haviwezi kung’olewa bila kuharibu saruji iliyo chini, na kwa kweli ni rahisi kuvipiga deki. Nimeweka mikeka ya Kyela juu yake ili miguu ya wazee isipate baridi.

Mama mkwe alirudi mwezi wa Septemba. Nilikuwa nimeliweka kabati mahali pake pa zamani, ukuta wa kushoto, nikitegemea afurahi. Aliliangalia, akafungua droo, akasoma, akafunga. Kisha akasema pale si pazuri. Miaka yote hiyo alikuwa akitaka likae karibu na dirisha la upande wa mlimani, lakini baba hakutaka kwa sababu ya redio yake.

Tukalisukuma, mimi na yeye na watoto wawili. Akatoa vikombe kwenye mfuko wake wa safari, akaanza kuvipanga.