Kivimbe kisichouma nacho kina jina



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka nafundisha watoto kupanga viumbe kwa makundi: wenye uti wa mgongo na wasio nao, mimea ya maua na isiyo na maua. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kupanga-panga huku kunamsaidia mtoto nini?" Nilimjibu kwa habari ya kidonda.

Huko Australia, upande wa Bairnsdale, watu fulani walipata vidonda vilivyokula ngozi polepole. Katika mikroskopi waganga waliona mikrobi kama vijiti, wanaofanana na wale wa kifua kikuu. Lakini walipojaribu kuwakuza katika joto la mwili, digrii 37, hawakuota. Katika joto la chini kidogo wakaota, tena kwa kukawia majuma mengi. Basi ilionekana kwamba huyu ni ndugu wa mikrobi wa kifua kikuu na wa ukoma, lakini ana tabia yake mwenyewe. Mwaka 1948 munganga MacCallum na wenzake walimtangaza. Baadaye akaitwa Mycobacterium ulcerans. Ugonjwa wenyewe unaitwa Buruli, kwa jina la eneo la Uganda ambako wagonjwa wengi walionekana. Na kwetu Kongo upo: watu wa Songololo, katika Kongo Central, wameuona miaka mingi.

Kumjua kulileta faida gani? Kwa sababu hapendi joto kali, hukaa kwenye ngozi, hasa ya mikono na miguu. Tena hutoa sumu inayoua nyama na kuzima maumivu. Ndiyo maana mtoto anaendelea kucheza, na mama anaendelea kungoja. Katika Afrika, watoto wengi huugua.

Nasikia wengine wakisema kidonda cha namna hiyo ni ulozi. Siwacheki. Ugonjwa usiojulikana hupewa jina lolote. Lakini ukimtaja mlozi, utapata adui tu, dawa hutapata. Ukimtaja mikrobi, dawa iko: rifampisini pamoja na klaritromisini, kwa majuma 8, chini ya uangalizi wa munganga. Mtoto akifikishwa mapema, mara nyingi hupona bila kupasuliwa. Akichelewa, mkono au mguu waweza kukunjamana maisha yote.

Kwa hiyo, mama, unapomwogesha mtoto, papasa ngozi yake. Si kila kivimbe ni Buruli. Lakini kivimbe kisichouma na kisichoisha, au kidonda kinachozidi kupanuka, kipeleke kituo cha afya, uombe kipimwe. Na sisi wa vikundi, mwenzetu akikosa pesa ya safari, tumpe zamu yake ya likelemba mbele. Zamu yetu itatungoja. Mguu wa mtoto hautangoja.