Simu Inakula Moto Hata Ukiwa Umelala

Mwezi huu nimeomba nafasi kwenye kurasa zetu niongee juu ya simu. Mambo ya vijana na picha zao sitayagusa, yameshaandikwa ya kutosha. Ninataka kuongea juu ya hii simu ya tachi inayoamka asubuhi na moto asilimia mia, haijapiga wala kupigiwa, na ikifika saa nane mchana imekufa. Na bando la wiki nzima linaloisha kwa siku mbili, mwenyewe anaapa hakuangalia kitu.

Mdogo wangu kila mara ananiambia, "Yaya, mega zimeisha tena, na miye sikufungula kitu." Watu wa nyumbani wanamcheka, lakini anasema kweli. Simu hizi hazilali. Ukizima kioo ukaiweka mfukoni, ndani yake programu zinaendelea na kazi zao. Facebook inauliza kama kuna habari mpya. Duka la programu linashusha matoleo mapya. WhatsApp, ikiwa imeruhusiwa kushusha yenyewe, inapokea kila video iliyotumwa kwenye magrupu yote kumi na mbili uliyowekwa bila kuulizwa. Simu inatafuta mahali ulipo kwa kusikiliza setilaiti. Kila moja inachukua kidogo, na kidogo hicho ni moto wako na mega zako.

Kwa mtu wa mjini mwenye umeme ukutani, haya ni usumbufu tu. Kwetu ni jambo lingine. Kumbukeni mwezi wa kwanza wa mwaka 2025. Tarehe 20 rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshafunga mizigo wakaambiwa safari hakuna. Mwisho wa mwezi huohuo M23 wakaingia Goma. Mwezi wa pili wakaingia Bukavu. Katika wiki hizo hapa kambini hakuna aliyeweka simu chini. Video zilimiminika usiku na mchana, za Goma kweli na za miaka ya nyuma zilizopewa jina la Goma, na simu zilizoruhusiwa kushusha zilizishusha zenyewe.

Mama yetu mkubwa alikuwa Bukavu. Nyumbani kwetu simu ni moja kwa watu sita, na tulikubaliana kwamba data inafunguliwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, basi. Muda mwingine laini iko wazi, data imefungwa. Alipopata simu ya jirani yake akapiga saa tano usiku, ya kwetu ilikuwa na moto asilimia arobaini. Tukaongea dakika tatu. Alisema wako hai, wamejifungia ndani, tusimpigie maana wanaogopa mlio wa simu. Dakika tatu hizo zilitushikilia wiki nzima.

Jirani yangu, baba mmoja ninayemheshimu, simu yake ilikuwa imekufa tangu alasiri ya siku hiyo. Mdogo wake alikuwa njiani kukimbilia Burundi, akapiga na kupiga, hakumpata. Baba huyu alilala siku nne akidhani mdogo wake amekufa. Hakuwa amefanya kitu kibaya, alikuwa ameiacha simu wazi ili asikose habari. Uwazi huohuo ndio ulioimaliza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka likae kichwani mwa kila mtu: kufunga data siyo kufunga simu. Wazee wengi wanachanganya hapa. Ukifunga data, mtu akikupigia kwa laini ya kawaida utasikia, na meseji ya kawaida itaingia. Kinachosimama ni WhatsApp, Facebook na wenzao. Kinachofunga kila kitu ni ile alama ya ndege. Alama ya ndege inaokoa moto kuliko zote, lakini ukiiweka hakuna atakayekupata. Mtu anayengoja kuitwa kwa mahojiano au kungoja habari ya mgonjwa asiiguse. Kuna mama alipigiwa na ofisi moja aende kesho yake na watoto wote, simu haikupatikana, akaja kuwekwa orodha ya baadaye. Waliompigia hawakurudia.

Sasa tuingie ndani ya simu. Simu nyingi tulizo nazo ni za Android, na unaweza kuiweka kwa Kiswahili. Majina yanabadilika kidogo kutoka simu hadi simu, lakini njia ni ileile. Fungua Mipangilio, nenda kwenye Betri, uangalie nani anakula. Usifanye kitu kingine kabla ya hapo. Nilipofungua ya kwetu, juu kabisa kulikuwa na kioo chenyewe, na chini yake programu ya video ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekiri kuiweka. Watoto wote watatu waliangalia dari.

Kioo ni mlaji mkubwa kwenye simu nyingi. Punguza mwanga mpaka pale unapoweza kusoma kivulini, na uiambie izime kioo baada ya sekunde 15 au 30. Vijana wanasema ukiweka rangi nyeusi simu inadumu. Ni kweli kwa simu zenye kioo cha OLED, ambazo nyingi ni za bei kubwa, kwa sababu kwenye kioo hicho sehemu nyeusi haiwaki. Simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha LCD chenye taa nyuma yake, na taa hiyo inawaka hata kama unaona nyeusi. Hapo unabadilisha sura tu.

Halafu data. Kwenye Mipangilio tafuta Matumizi ya data. Utaona kila programu na mega ilizokula. Ukigusa jina la programu utakuta mahali pa kuizuia isitumie data ya chinichini, yaani inapata mtandao pale tu unapoifungua mwenyewe. Facebook, TikTok, michezo ya watoto na duka la programu, zote zizuie. Kuna pia Kiokoa Data, kinachozuia zote kwa pamoja, na wewe unachagua zipi ziruhusiwe. Kwa mtu asiyependa kuhangaika na moja moja, hicho kinatosha.

WhatsApp ndiyo yenye hasara kubwa kwetu, kwa sababu ya magrupu. Gusa vidoti vitatu juu, Mipangilio, kisha Hifadhi na data. Hapo pana sehemu ya midia kujishusha yenyewe. Ondoa alama zote kwenye data ya simu: picha, sauti, video, nyaraka. Kuanzia hapo video itakuja na ukungu, na wewe ndiye utakayeamua kuigusa au kuiacha. Ujumbe wa sauti wa kawaida, ule mtu anaoongea akashika kitufe, utaendelea kuingia wenyewe, na ni vizuri, maana ni mdogo na mara nyingi ndio wenye habari ya maana kutoka nyumbani. Fanya hesabu kidogo. Video moja ya MB 16, grupu likituma ishirini kwa usiku, ni MB 320. Hiyo ni karibu theluthi ya GB moja, na labda ulitaka kuangalia mbili tu. Palepale kuna sehemu ya kupunguza data wakati wa kupiga, iwashe. Na kama unaongea na ndugu kwa WhatsApp, sauti peke yake inakula kidogo sana ukilinganisha na kuonana uso kwa uso. Muonane dakika moja mfurahi, kisha mfunge kamera muongee.

Kwenye duka la programu weka zisijisasishe zenyewe. Lakini WhatsApp yenyewe uisasishe mara mojamoja kwa mkono, kwa sababu toleo la zamani sana hufika siku likakataa kufanya kazi, na siku hiyo haichagui.

Nasikia wengine wanapita kila dakika kumi kufagia programu kwa kidole, wanazitupa zote juu. Kidole kinachoka bure. Simu ina akili ya kuzipumzisha zile zisizotumika, na ukiitupa WhatsApp halafu ukaifungua tena, inaanza upya na inakula zaidi. Zaidi ya hao ni wanaoweka programu ya "kusafisha simu" iliyojaa matangazo. Umemwajiri mlinzi, naye anakula ugali wa nyumba nzima.

Kuna jambo ambalo watu wa zoni za pembeni wanalijua bila kujua sababu yake: simu iliyo kwenye mtandao dhaifu inakufa haraka. Simu inaongea na mnara. Mnara ukiwa mbali, inabidi ipaze sauti, na kupaza sauti ni moto. Mtandao ukienda na kurudi, inatafuta, inatafuta, mpaka inachoka. Ndiyo maana simu iliyotundikwa juu dirishani inadumu kuliko iliyo chini ya godoro. Pia, kama simu yako inaruhusu, nenda kwenye aina ya mtandao uchague 2G peke yake wakati hutumii data. Kupiga na meseji zinapita vizuri, na moto unakaa. Ukitaka WhatsApp unarudisha 4G. Sisi tunafanya hivyo kila jioni baada ya ile nusu saa. Si kila simu ina nafasi hiyo, ya kwetu inayo.

Kuhusu Kiokoa Betri, kina faida, lakini mjue kinafanya nini. Kinazibana programu, na hapo ujumbe wa WhatsApp unaweza kuchelewa mpaka ufungue simu. Kama unangoja ujumbe wa mtu fulani kwa WhatsApp, ingia kwenye betri ya WhatsApp uiruhusu itumie bila kizuizi, kisha uzibane nyingine. Kubana wote sawasawa ni kubana na yule unayemngoja.

Tuje kwenye sola, maana wengi wetu moto wetu unatoka juani. Simu ya betri ya mAh 5000 inahitaji kama Wh 19 kujaa. Paneli ya wati 10, jua zuri saa tano, kwa hesabu ya karatasi inatoa Wh 50. Lakini vumbi, waya mwembamba, joto na wingu vinachukua sehemu kubwa, mara nyingi hata nusu. Kwa hiyo paneli hiyo inajaza simu moja kubwa na kidogo juu yake, siyo nne kama muuzaji anavyosema. Masika ni chini ya hapo. Futa vumbi kwenye paneli kila asubuhi, haina gharama. Na paneli ndiyo ikae juani, simu ikae kivulini. Ninaona simu zimelazwa juu ya bati pamoja na paneli, zinachajiwa huku zinaungua. Joto ndilo linaloua betri hizi za lithiamu, na kuzichaji zikiwa za moto kunazifupishia maisha.

Wazee wangu watanisamehe, lakini ile kanuni ya kuchaji simu mpya saa nane mfululizo, na ile ya kuiacha ife kabisa kabla ya kuchaji, zilikuwa za betri za aina ya zamani. Betri za sasa hazitaki hivyo. Zinapenda kukaa katikati, kama asilimia 20 hadi 80. Kwa sisi tunaolipia kuchaji kwa kila mara, kujaza mpaka mia ni haki yako, umelipa. Ila usingoje ifike sifuri ndipo utafute mwenye sola, hasa siku za mvua.

Mwisho ni betri iliyovimba. Utaona mfuniko wa nyuma umeinuka au kioo kimeachana na ubavu. Hiyo usiichaji tena hata dakika moja. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kwa sindano kutoa hewa, usiitupe kwenye moto wa kupikia wala jalalani watoto wanapochezea. Inaweza kulipuka moto, na nyumba zetu zimesongamana, nyingine zina nyasi juu. Ya kwetu ilivimba mwaka jana. Tuliitoa tukaiweka nje ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na ukuta, na bado iko pale, tunangoja fundi anayekwenda Kasulu aichukue.