Nani Atamwambia Mjomba Kwamba Ametuchosha?

Huku Minnesota ninakoishi kuna watu wanaokutana jioni baada ya kazi ili kusikiliza hotuba za wenzao. Hakuna harusi, hakuna mgeni rasmi, hakuna pilau. Mtu anasimama, anazungumza dakika tano hadi saba, anakaa. Kisha anasimama mwingine na kueleza mbele ya wote yule wa kwanza amezungumzaje. Ni klabu za Toastmasters, alizozianzisha Ralph Smedley Oktoba 1924 katika chumba cha chini ya jengo la YMCA mjini Santa Ana, California. Leo zimeenea katika nchi zaidi ya 140, na Dar es Salaam na Nairobi zipo pia. Nilijiunga kwa ajili ya Kiingereza cha vikao vya kazini. Kilichonifanya nibaki ni yule anayesimama baadaye.

Kila hotuba ina mtathmini wake, na jina lake limo kwenye ratiba kabla msemaji hajafungua kinywa. Ana dakika mbili hadi tatu. Kuna taa ya kijani, ya njano na nyekundu, na nyekundu ikiwaka hakuna cha “namalizia”. Kuna mwingine ambaye kazi yake ni kuhesabu vigugumizi tu, zile “aa” na “mm” za mtu anayetafuta neno. (“Yaani” zangu zilipita salama muda mrefu. Mhesabu hakujua kama nazo ni za kuhesabiwa.) Na mwishoni anasimama mtathmini mkuu, ambaye huwatathmini watathmini. Aliyekosoa naye anakosolewa, palepale, kabla watu hawajatoa funguo za magari mfukoni.

Kwetu Tanzania hotuba hazikosi watathmini. Tunao wengi kupita kiasi. Nenda harusi yoyote pale Sinza au Tabata. MC anampa mjomba wa bwana harusi dakika tatu. Mjomba anaanza na “itifaki imezingatiwa”, halafu anaizingatia upya kwa kumtaja kila aliyeko meza kuu, mmoja baada ya mwingine. Nusu saa baadaye anasema “kwa hayo machache”. Watu wanapiga makofi kwa sababu amemaliza. Uchambuzi wenyewe unafanyika ndani ya Noah ya kurudi nyumbani, na ni uchambuzi wa hali ya juu: alirudia wapi, alipoteza uzi wapi, siri gani ya familia aliitoa bila kutumwa. Shangazi zangu wangeshinda shindano lolote la kutathmini. Ila mjomba mwenyewe hayumo ndani ya gari. Yeye kesho yake anaambiwa, “Mjomba, jana umeongea vizuri sana,” na harusi ijayo anaongea vilevile, kwa kujiamini zaidi.

Shuleni tulikuwa na midahalo, na muundo wake ulikuwa mzuri: mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wasemaji wakuu wa kila upande. Mada zilikuwa zile za “elimu ni bora kuliko mali”, na kadhalika. Mwishoni katibu alisoma hoja, kura zikapigwa, upande mmoja ukashangilia. Hakuna aliyemwambia msemaji kwamba alikuwa anaangalia dari. Mrejesho pekee aliopata ni kuzomewa, na alizomewa hasa akikosea Kiingereza. Nadhani watu wengi wa rika langu waliacha kusimama mbele ya watu kuanzia hapo, wakiamini kwamba kuzungumza ni kipaji ambacho wao hawakupewa.

Sasa, nisije nikawapamba Wamarekani. Kanuni yao ni kusifu, kushauri, kisha kusifu tena, na wameizoea hadi imepoteza makali. Hotuba mbovu na hotuba nzuri zote hupokelewa kwa tabasamu lilelile na makofi ya urefu uleule. Baada ya muda sikio linajifunza kuruka sifa na kusubiri “lakini”. Nimewahi kumsikia mtathmini akitumia dakika zake zote tatu kumsifu mtu kwa “nguvu” na “ujasiri”, na yule msemaji akaondoka bila hata kitu kimoja cha kushika.

Niliyejifunza kwake ni bibi mmoja, muuguzi mstaafu. Kabla ya kikao alikaa na msemaji pembeni akamuuliza, “Unataka nikuangalie wapi?” Kama mtu anahangaika na mikono, aliangalia mikono. Kama anahangaika na mwanzo, aliusikiliza mwanzo kuliko kingine chochote. Aliposimama hakusema “ulikuwa mzuri” wala “ulikosea”. Alisema alichokiona na kilichompata yeye: “Ulipofika kwa baba yako ulinyamaza kidogo, nami nikaacha kuandika. Ulipofika kwenye takwimu ulizungumza na karatasi, nami nikaanza kuwaza chakula cha jioni.” Halafu jambo moja la kurekebisha, basi. Mengine saba aliyoyaona alikaa nayo. Na hakugusa hoja. Kuna jioni bwana mmoja alizungumzia uwindaji wa kulungu, na huyu bibi hali nyama kabisa. Katika tathmini yake usingelijua hilo. Hukumu yake ilihusu namna yule bwana alivyosema, na alichosema alimwachia mwenyewe.

Mimi hapo ndipo ninapoona ugumu wetu. Sisi tukimsikiliza mtu tunamsikiliza mzima: ukoo wake, umri wake, deni analodaiwa. Ukimwambia hotuba imerefuka, amesikia kwamba humheshimu.

Lakini kuna kitu tunacho ambacho klabu za huku hazina. Hadhira yetu hujibu papo hapo. Vigelegele, “sema baba!”, noti inayopelekwa mbele, hata viti vinavyoanza kusogezwa na simu zinazotolewa: kufikia dakika ya pili msemaji mwenye masikio anajua yuko wapi. Madrasa nayo haisubiri. Ustadh anamsimamisha mtoto kwenye herufi ileile aliyoikosea, anaitamka, mtoto anairudia, ndipo wanaendelea. Huku Minnesota mtu anaweza kuwapoteza watu wote chumbani na asijue mpaka mtathmini wake asimame.

Tena tunaye mtu ambaye Wamarekani wamelazimika kumtengeneza kwa ratiba. Tunaye mtani. Sisi Wahehe tulipigana na Wangoni karne ya 19, na leo ni watani: Mngoni anaweza kuja kwenye msiba wetu, akaiga mwendo na sauti ya marehemu, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Anachosema mtani hakichukuliwi kama kukosa adabu kwa sababu ni kazi yake kukisema. Mtathmini wa Toastmasters analindwa na kitu hichohicho. Kijana wa miaka ishirini na kidogo anamwambia meneja wa benki kwamba hotuba yake ilikosa mwisho, na meneja anaandika, kwa kuwa kijana amepangwa. Siku hiyo si yeye anayesema, ni nafasi yake. Nadhani hilo ndilo la kubeba kurudi nalo, kuliko ile desturi ya kusifu mara mbili na kushauri mara moja.

Nafasi tunayo tayari. Harusi zetu zina kikao cha kuvunja kamati, ambapo mweka hazina husoma taarifa ya michango na matumizi, na watu wanauliza maswali makali bila kununiana. Harusi ya mpwa wangu Iringa nilikuwa mjumbe wa kamati kwa WhatsApp, nikapendekeza tuongeze taarifa moja, ya hotuba, na isomwe na shemeji yetu Mngoni. Watu walicheka, kisha wakakubali, mradi mjomba aulizwe kwanza. Mjomba akaulizwa. Akasema aangaliwe kama sauti inafika nyuma.

Shemeji alianza na sauti: inafika, hata majirani walipata ujumbe. Kisha akasema kwamba kisa cha mbuzi aliyetoroka siku ya mahari, ambacho ukumbi mzima ulikicheka, kilikuja mwishoni, wakati meza za nyuma zimeshapanga mstari wa chakula. Akamshauri mjomba aanze na mbuzi. Mjomba alikubali kwamba mbuzi ni mzuri. Akauliza tu, akianza na mbuzi, salamu kwa meza kuu zitakaa wapi? Walilijadili hilo mpaka kreti la mwisho la soda likaisha, na kamati ikavunjwa bila kupata jibu.