Kisanduku Kilichoanguka juu ya Barafu

Ninyi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi munajua mgodi. Lakini ni wachache kati yenu waliofika mahali ambapo mgodi haujazaliwa bado, mahali watu wanapotafuta tu kama chini kuko kitu. Mimi nilifanya kazi hiyo Nunavut, kaskazini kabisa ya Kanada. Leo nataka niwaelezee maisha ya kule, pamoja na kosa langu moja.

Kampi yetu ilikuwa ya mahema ya turubai, yenye sakafu ya mbao, na katika kila hema jiko la mazuti. Huko miti haioti. Kuni hakuna, makala hakuna, barabara hakuna. Kila kitu, tangu yai mpaka msumari, kililetwa na ndege ndogo yenye kutua juu ya ziwa lililoganda. Mwezi wa tatu baridi inaweza kushuka mpaka digrii 30 chini ya sifuri, na upepo unakata uso kama wembe. Maji ya kunywa tuliyateka kwenye tundu lililotobolewa katika barafu. Mabaki ya chakula yalichomwa kila siku, juu ya harufu yake inaita dubu. Mzee mmoja Mwinuit, mwenyeji wa inchi ile, alikuwa mlinzi wetu. Alitufundisha kwamba hata ukienda choo, kwanza utazame pande zote.

Pombe ilikatazwa, hata chupa moja. Tulifanya saa 12, halafu kundi lingine linashika. Mashine ya kutoboa hailali, kwa sababu ikisimama maji yanaganda ndani ya mabomba. Siku ya Mungu ilikuwa kama siku ingine. Mimi niliitambua tu kwa sababu njo siku nilipigia jamaa yangu simu ya setilaiti. Nilitamani bukari na sombe mpaka nikaviota.

Sasa musikie kazi yenyewe. Mashine inatoboa mwamba na kutoa fimbo ya jiwe, unene wake kama muchi mwembamba. Vipande vinapangwa katika visanduku virefu, kufuata kina, na vibao vidogo vinaonyesha metre. Mjiolojia anavisoma kama kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Kisha jiwe linapasuliwa kwa urefu: nusu inaenda kupimwa, nusu inabaki, ili mtu mwingine akiwa na mashaka aje aangalie.

Usiku mmoja nilikuwa nabeba kisanduku kutoka kwenye mashine. Nikateleza. Karibu metre 4 za mawe zikamwagika juu ya barafu, na vibao vikachanganyika. Mwenzangu akacheka, akasema: "Rudisha tu. Nani atajua?"

Nikarudisha. Vipande vingine vilikamatana vizuri pale vilipovunjika. Vingine nilivikisia tu, mpaka kisanduku kikaonekana kizuri. Nikakifunga, nikaenda kulala. Usingizi haukuja.

Nilimkumbuka baba yangu, aliyefanya miaka mingi chini ya udongo kwenye shaba. Alipenda kutuambia: "Jiwe haisemake bongo. Mutu njo anasemaka." Nikakumbuka pia habari ya Bre-X, kampuni ya Kanada iliyotangaza dhahabu nyingi kule Busang, Indonesia. Mwaka 1997 ikajulikana kwamba dhahabu ilikuwa imetiwa kwa mkono wa mtu ndani ya sampuli, na watu wengi wakapoteza akiba yao. Nikajiambia, mimi sikutia kitu, niliteleza tu. Lakini yule atakayesoma kisanduku changu kesho ataamini uongo kama vile wale walivyoamini. Pengine atatoboa mahali pabaya, kwa ajili ya metre zangu 4.

Asubuhi, mbele ya chai, nilimwambia mkubwa wa kazi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Kutoka metre ngapi mpaka ngapi?" Akaandika katika daftari kwamba mpangilio wa pale hauaminiki. Halafu akaniondoa kwenye kusoma mawe kwa juma moja. Nikateka maji, nikabeba mazuti, nikafagia theluji. Mwenzangu hakunisemesha siku tatu. Haya niliyoipata kwenye meza ya chakula, mimi mwenye diplome ya Lubumbashi, sitaisahau.

Majibu yalipokuja, metre zile zilikuwa tupu. Hakuna madini hata kidogo. Ni kusema, ningenyamaza, hakuna mtu angejua mpaka leo.

Kijana, njo pale nataka usimame kidogo. Wewe unayepima gunia kwenye depo, wewe unayejaza karatasi ya laboratware, wewe unayehesabu saa za wenzako: siku nyingi kosa lako halitaonekana, na ukweli wako pia hautaonekana. Mimi sikupata zawadi. Ila juma la pili mkubwa alinirudishia daftari na kalamu bila neno, na tangu siku ile alikuwa hakagui tena visanduku vyangu.